Hadubini Tuliyomnunulia Tata Anselme

Siku mliponiaga kwa soda na keki pale karakana, mmoja wenu aliniuliza, huku akitafuna, hadubini gani inafaa kwa kazi yetu na mashine gani ya kuchongea anunue kwanza. Nikamwambia nitaandika. Mlicheka, mkidhani nakwepa swali. Basi andiko lenyewe ndilo hili. Mambo ya vyeo na mshahara sitayagusa, maana vyeo havikuwepo na mshahara mnaujua. Nitaandika juu ya vifaa, na juu ya mtu aliyenifundisha kuvishika, kwa sababu mimi siwezi kutenganisha hayo mawili.

Sikuanza maisha nikiwa sonara. Nilianza katika maabara ya kampuni ya madini, chumba chenye madirisha yasiyofunguka. Kazi yangu ilikuwa kukata vipande vya mawe yaliyotoka mgodini, kuvisugua mpaka ving'ae, na kuvipanga ili wajiolojia wavisome kwa hadubini. Wao walisoma, mimi nilifuta vumbi. Lakini walipokwenda kula, nami niliweka jicho, na ndivyo nilivyoiona malakiti kwa mara ya kwanza, ile mistari yake ya kijani iliyolala mmoja juu ya mwingine, mingine myembamba kuliko unywele. Nililipenda jiwe lile kabla sijafikiria kwamba mtu anaweza kulivaa. Maabara ilipofungwa nilipewa barua na kupewa mkono, nikaanza kuzunguka mtaa wetu wa Dilala, hapa Kolwezi, nikitafuta kazi, hadi nikafika kwenye nyumba moja ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi ambayo sebule yake ilikuwa imegeuzwa karakana ya sonara.

Mwenye karakana ndiye Tata Anselme, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mzee mfupi mwenye mabega mapana, na shati lake lilifungwa vifungo mpaka shingoni hata katika joto la Oktoba. Kazi aliifundishwa na bruda mmoja wa misheni huko kaskazini mwa Katanga, na kwa bruda huyo alichukua pia tabia ya kutosifu chochote. Aliniuliza swali moja tu, kama mikono yangu hutetemeka nikikasirika. Nikasema mimi si mtu wa hasira. Akasema nitakuwa.

Hasira ilinijia siku ya tatu, na nilijikasirikia mwenyewe. Mteja alikuwa ameleta kidani cha malakiti ili kibadilishiwe mnyororo, akataka pia kujua kama jiwe lenyewe ni la kweli, kwa kuwa sokoni wanauza plastiki ya kijani. Mimi mtoto wa maabara, nilijua jibu. Mtu yeyote wa Kolwezi aliyefanya kazi na mawe ya shaba analijua: unadondosha tone la asidi, na jiwe likitoa povu ni malakiti. Nikadondosha. Povu likatoka vizuri sana. Nilipofuta, katikati ya kile kidani kilichong'aa kama kioo palikuwa na doa jeupe lililofifia, kubwa kama punje ya mchele. Maabarani jiwe likiharibika unachukua jingine kwenye ndoo. Hapa jiwe lilikuwa la mtu. Tata Anselme akalisogeza karibu na dirisha, akaligeuza, akaniuliza kwa upole kama sasa nimehakikisha. Kisha nikakaa siku mbili nzima nikilisugua upya kwa ngozi na maji, na kila alipopita aliniuliza kama bado ni la kweli.

Baada ya hapo akanifundisha kupachika mawe. Mnajua namna yetu, ile inayowashangaza masonara wa Lubumbashi. Unashika kazi kwa mkono wa kushoto, unaweka kidole gumba kikigusa jiwe, ncha ya patasi unaiegemeza juu ya ukucha, halafu unaiteremsha taratibu hadi ikute ukingo wa fedha unaolizunguka jiwe. Hapo ndipo unapousukuma ulilalie jiwe. Hakuna kuipeleka ncha moja kwa moja kwenye jiwe, hata ukiliona wazi. Ndiyo maana kila aliyepita karakana ile ana mikwaruzo kwenye ukucha wa gumba la kushoto. Niliwahi kumtambua mwenzetu mmoja kwenye foleni ya mkate kwa ukucha tu. Nilipomuuliza Tata sababu ya desturi hiyo alisema kidole hakidanganyi, nikaridhika, kwa kuwa kazi zake zilikuwa hazina dosari.

Kuhusu mashine za umeme, tulikuwa na moja, ile moteri ya kuning'inia kwenye msumari ukutani, yenye mkono mrefu unaopinda na pedali ya mguu. Bado naipendekeza kwa yeyote anayeanza. Wengi wenu mnapenda zile ndogo zenye kisanduku cha namba kinachowaka, na ni nzuri kweli, hazina makelele na hazitetemeshi mkono. Lakini kisanduku kile hakijazaliwa kwa umeme wa Kolwezi. Umeme ukishuka, ukapanda ghafla, kinakufa bila kuaga, na hakuna wa kukifufua. Moteri ya kuning'inia ikigoma unaifungua kwa bisibisi, unatoa makaa yaliyoisha, vile vipande vyeusi vya kupitisha umeme, unatia mengine ya mashine ya kukatia vyuma yanayouzwa pale sokoni, unayasugua kidogo yaingie, kazi inaendelea. Na malakiti ikatwe ndani ya maji daima, mdomo ukiwa umefungwa kitambaa. Vumbi lake ni sumu. Lisiwadanganye kwa uzuri wa rangi.

Miaka ikapita hivyo, mpaka parokia ikatuletea kazi kubwa kuliko zote. Padre alikuwa anakaribia jubilei yake, na waumini walitaka kumpa kalisi ya fedha, kikombe cha misa, yenye mawe kumi na mawili ya malakiti kuzunguka mguu wake, kwa idadi ya mitume. Tata Anselme alipata kipande kimoja cha jiwe kutoka mgodi wa Mutoshi chenye mistari iliyopindana kama mawimbi ya nywele zilizosukwa, akataka mawe yote kumi na mawili yatoke humo, ili mistari ifuatane kutoka jiwe hadi jiwe. Tulikata kwa wiki tatu. Tulipomaliza, mawe yalikuwa kumi na mawili kamili na kipande kimekwisha. Hakuna la akiba. Likivunjika moja, ule mfuatano umekatika, na jiwe jingine la mistari ile halimo duniani.

Malipo ya awali ya parokia yalitosha kuongeza kifaa kimoja karakana. Mimi nilitaka hadubini. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba Tata analeta kazi karibu sana na uso, kwamba anainamisha kichwa upande, kwamba mchana wa mawingu anaahirisha nakshi. Nikajiambia mzee anachoka macho, na lenzi ndogo ya kubana jichoni haimtoshi tena. Nilimpenda mzee yule kama baba, na nilitaka aendelee kuketi pale miaka mingi. Yeye alitaka nyundo ya hewa, ile patasi inayosukumwa na kompresa na kugonga yenyewe. Tukabishana siku nne. Nikamwambia nyundo ya hewa ni nzuri kwa mawe magumu na kwa nakshi ya chuma, ila malakiti ni laini, mtetemo utaipasua. Alilijua hilo kunishinda. Hata hivyo aliendelea kuitetea, na sababu zake zilikuwa dhaifu kiasi kwamba nilianza kudhani ananitania. Mwisho akasema, bila kunitazama:

"Léonie, mikroskopi ni kitu ya balabo. Siye tuko bantu ya mikono."

Nikamjibu kwamba mimi mwenyewe nimetoka labo, ile maabara, na mikono yangu ameitengeneza yeye. Kisha akasema niende Lubumbashi nikanunue ninachotaka, ila yeye asiulizwe.

Sasa sikilizeni kuhusu hadubini, hapa ndipo mnapotupa pesa. Yule mfanyabiashara wa Lubumbashi alinionyesha kwanza ya bomba moja, inayokuza mara mia kadhaa. Hiyo ni ya kutazama damu na maji machafu. Inageuza picha juu chini, ukisukuma kulia unaona kushoto, na lenzi yake inakaribia kazi kiasi kwamba patasi yako itaigonga siku ya kwanza. Mnahitaji ya mabomba mawili, inayoonyesha kitu kama kilivyo, chenye kina. Ukuzaji wa mara kumi unatosha, mara ishirini kwa kukagua. Zaidi ya hapo utaona mkwaruzo tu na pete utaipoteza. Nilikuwa nimebeba pete na patasi kwenye mkoba. Nikaweka pete chini ya lenzi, nikaingiza mikono yote miwili, nikajifanya nachonga. Kama mikono haiingii kwa raha, acha hapohapo. Nikaangalia mkono wa chuma unaoishika, kama unafika katikati ya meza na kama unatulia ukiguswa. Nikawasha taa yake juu ya fedha iliyong'arishwa, kwa sababu taa kali inarudisha mwanga machoni na huoni kitu. Mfanyabiashara aliniuliza kama nanunua hadubini au naoa. Nikamwambia anisubiri, bado sijaona mahari. Niliyoichagua ilikuwa imetumika, imekwaruzika rangi, lakini lenzi zake zilikuwa safi.

Nilirudi nayo kwenye basi nikiwa nimeipakata kama mtoto, na kutoka kituoni nikapanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, dereva akiniapia kwamba hatapita kwenye shimo hata moja, ahadi ambayo katika barabara zetu ni uongo mtupu. Tata alikuwepo karakana. Nikaifunga mezani, nikawasha taa, nikaweka pete chini yake. Kila bomba lilikuwa na kifuniko cheusi cha plastiki mahali pa kuweka jicho. Nikatoa cha kulia, na kabla sijatoa cha kushoto yule dereva akapiga honi. Nilikuwa nimeondoka na kofia yake kichwani. Nikakimbia kumrudishia, tukacheka kidogo pale nje.

Niliporudi ndani, Tata Anselme, yule asiyetaka kuulizwa, alikuwa ameinama na macho yake yote mawili yako kwenye hadubini. Nikafurahi sana. Nikamuuliza anaonaje.

"Iko muzuri," akasema. "Binaonekana byote, macho yote mbili."

Ndipo nikakiona kile kifuniko. Kilikuwa bado kiko pale, chini ya jicho lake la kushoto.

Mtu mwenye macho mawili angesema palepale kwamba upande mmoja ni giza. Yeye hakulijua giza lile kwa sababu kwake halikuwa jipya. Nikatazama ukucha wake wa gumba, uliokwaruzika mpaka ukawa kama tupa, na yote yakanijia kwa mara moja. Jicho moja halipimi umbali. Ncha ya patasi inaonekana imefika kumbe bado, au bado kumbe imepita. Ndiyo maana aliishusha juu ya ukucha: alikuwa anautafuta ukingo kwa kuugusa. Ile tuliyodhani ni siri ya ufundi ilikuwa njia ya mtu mwenye jicho moja kuishi kwa kazi hii, na alikuwa ametufundisha sisi sote, wenye macho mawili, bila kusema. Ndiyo maana pia aliiogopa hadubini ya mabomba mawili. Ingemuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Alipoinuka kwenda kunywa maji nilikitoa kifuniko kimyakimya, nikakitia mfukoni. Sikumwambia mtu. Hilo nakiri kwenu leo, nikijua wengine mtasema nilikosea, kwa sababu kalisi ile ilikuwa mbele yetu na mawe hayana akiba. Mwenye busara angemwambia mzee apumzike, amwachie mwenye macho. Lakini karakana ilikuwa ndiyo maisha yake. Mkewe alikwisha kufariki, watoto wako Kinshasa na kwingineko, na watu wa Dilala walimsalimu kwa kazi yake kabla ya jina. Kumwondoa kwenye mawe yale kungekuwa kumwambia kwamba amekwisha. Nikapiga moyo konde, nikamwacha apachike.

Alianza Jumatatu. Alisukuma ukingo wa fedha juu ya jiwe la kwanza, pole pole, pande nne kwanza halafu katikati ya pande, kama alivyotufundisha. Kila alipomaliza moja alisema anakwenda kunyoosha miguu uani, nami nililichukua na kulikagua kwa hadubini. Nilikuwa nikitafuta kosa kwa hofu. Sikuliona. Jiwe la kwanza, la pili, la tano, la nane, ukingo umelala sawasawa kama ulimi juu ya meno. Baadaye nilijua kwamba safari zile za uani zilikuwa za kunipa nafasi ya kukagua. Yeye naye alikuwa akinisaidia kumsaidia, na wote tulikuwa tunajifanya hakuna kinachoendelea.

Jiwe la tisa alikuwa akilipachika Ijumaa asubuhi. Mlango wa karakana uko upande wa kushoto wa meza yake, na ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Mama Odile, mke wa katekista, alitumwa na parokia kuangalia kazi imefika wapi. Aliingia kwa hatua zake laini za kanisani, na kwa heshima zake zote akamgusa Tata bega ili amsalimie. Tata alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Chuma kikateleza. Nilisikia sauti ndogo sana, kama ya kuvunja yai la njiwa.

Mama Odile aliomba radhi mara nyingi, na hakuelewa kwa nini mzee ashtuke hivyo na yeye alipita mbele ya macho yake. Nikamtoa nje kwa maneno mazuri, nikamwambia kazi inaendelea vizuri, arudi wiki ijayo. Niliporudi ndani Tata alikuwa amekaa vilevile, kalisi mkononi, gumba lake likipapasa jiwe la tisa. Nimewahi kuwaona watu wakipoteza nyumba bila kuwa na uso ule.

"Léonie, kuya," akaniita. "Angalia na mashini yako, uniambie kama imebomoka namna gani. Usinidanganye."

Nikaangalia. Kipande kilichotoka ukingoni mwa jiwe kilikuwa kama punje ya ufuta, lakini chini ya lenzi kilionekana bonde. Nikamweleza ukubwa, kina, na upande kilipo, bila kupunguza. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kuunganisha fedha juu yake kwa moto haikuwezekana, kwani malakiti ikiona moto inageuka nyeusi. Tukabaki na njia moja. Ukingo wa jiwe la tisa ulikuwa bado mrefu upande ule, haujasukumwa. Ningeweza kuuchonga uwe jani dogo la mti, na kulilaza jani lile juu ya bonde.

Alisema yeye atashika kalisi, mimi nitachonga. Hatukuwahi kufanya hivyo. Nikaweka macho kwenye hadubini, nikaegemeza ncha juu ya ukucha wake, kwa sababu mkono ulioshika ulikuwa wake, na nikaiteremsha. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya mchana iliposikika kutoka mtaa wa pili. Hakutikisika hata mara moja. Aliuliza tu, mara kwa mara, jani limefika wapi, na mimi nikamsimulia: shina limetoka, sasa upande wa kulia, sasa ncha. Jani lilipolala na bonde likatoweka, nilimwambia limefunika. Alishusha pumzi, akaniambia mshipa wa jani nimeuchora mnene mno. Nililia kidogo, nikijificha nyuma ya hadubini.

Mawe matatu ya mwisho aliyapachika mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Tulipoipeleka kalisi, Padre aliizungusha mikononi, akaona kwamba mistari inafuatana kutoka jiwe hadi jiwe, na kwamba jiwe moja tu lina jani. Akauliza huyu mwenye jani ni mtume gani. Tata Anselme akajibu bila kusita kwamba ni Tomaso, yule asiyeamini mpaka aguse. Padre alicheka, na mpaka leo parokia nzima inaliita jiwe la Tomaso.

Jumatatu iliyofuata nilifika kazini kama kawaida. Hadubini ilikuwa mahali pake, lakini kiti changu hakikuwa kule nyuma kwenye meza ya kusugulia. Kilikuwa kimehamishiwa mbele, ubavuni pa meza ya Tata, upande wa kushoto, kati yake na mlango. Yeye alikuwa tayari ameinamia kazi, na hakuinua kichwa.

"Ikala hapa," akasema. "Huu upande mi sioni mutu mwenye kuingia. Ni miaka mingi."

Niliketi. Hakuwahi kulisema tena, nami sikumuuliza. Tuliketi hivyo miaka tisa, mpaka alipoacha kazi kwa hiari yake mwenyewe, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyeingia kwa mlango ule bila mimi kumsalimu kwanza, kwa jina, na kwa sauti.